Namna ya kujiandaa kwa sehemu ya Kiingereza ya mtihani wa GRE

Kabla ya kulipia chochote, fungua ukurasa wa idara unayotaka kujiunga nayo na usome masharti yake kwa makini, kwa sababu tangu mwaka 2020 programu nyingi za uzamili na uzamivu nchini Marekani zimeliondoa sharti la GRE, mtihani wa kuombea nafasi katika masomo hayo, au zimelifanya kuwa la hiari, na hakuna sababu ya kutoa zaidi ya dola 200 kwa mtihani usiohitajika. Usiuchanganye pia na TOEFL au IELTS. Mitihani hiyo hupima kama mtu anaweza kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika Kiingereza cha kumwezesha kukaa darasani. GRE inachukulia kwamba uwezo huo unao tayari, kisha inakuuliza kama unaweza kufuata hoja nzito iliyoandikwa kwa lugha hiyo, na maswali ya aina hiyo hiyo hupewa Wamarekani waliozaliwa nayo. Vipo vyuo vinavyodai GRE pamoja na mmojawapo wa mitihani hiyo ya lugha, na alama nzuri katika mmoja haifuti sharti la mwingine.

Tangu Septemba 2023 mtihani wote umefupishwa na sasa huchukua saa 1 na dakika 58. Kiingereza hujitokeza ndani yake mara mbili. Kwanza kuna insha moja ya dakika 30, ambayo daima hutangulia. Kisha kuna sehemu iitwayo Verbal Reasoning, iliyogawanywa vipande viwili, cha kwanza kikiwa na maswali 12 ya kujibiwa kwa dakika 18 na cha pili maswali 15 kwa dakika 23. Alama za Verbal Reasoning huanzia 130 na kuishia 170, na za insha huanzia 0 hadi 6 kwa kupanda nusu nusu. Kompyuta huangalia ulivyofanya katika kipande cha kwanza na kukupa cha pili kilicho kigumu zaidi au chepesi zaidi kulingana na matokeo hayo, na anayepangiwa kipande chepesi hawezi kufika juu kabisa hata akikijibu chote sawasawa. Kwa hiyo usikichukulie kipande cha kwanza kama mahali pa kupashia mwili moto. Ndani ya kipande kimoja unaruhusiwa kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia, na jibu baya halipunguzi chochote, hivyo kuacha swali bila jibu ni kujinyima bure.

Hapa nikiri kosa langu, kwa kuwa nimewaona wengine wakilirudia. Nilianza maandalizi kwa kitabu cha mtumba nilichokinunua kando ya barabara kwa bei ya chakula cha mchana, nikatumia wiki tatu kukariri vinyume na jozi za maneno yanayolingana kwa uhusiano, na nilikuwa nikijipongeza kila jioni. Maswali ya aina hizo mbili yaliondolewa Agosti 2011. Ukiona kitabu kinazungumzia alama za 200 hadi 800, au kina sura ya vinyume, kirudishe mahali pake. Anza na ETS, shirika la Marekani linaloutunga mtihani huu, ambalo katika tovuti yake hutoa bure majaribio mawili kamili ya kompyuta kwa jina la POWERPREP, pamoja na orodha nzima ya mada za insha. Mtu mwenye majaribio hayo mawili, simu yenye kamusi nzuri na daftari moja nene ana karibu kila kitu anachohitaji.

Kosa la kitabu lilikuwa dogo kuliko lile lililokuwa nyuma yake, yaani imani kwamba mtihani wa Kiingereza ni mtihani wa maneno magumu. Tumelelewa na shule hivyo: mwalimu hutoa orodha, mwanafunzi huimeza, kisha huitapika kwenye karatasi. GRE ina maneno magumu, hilo halikataliki, na bila msamiati huwezi kufika mbali. Hata hivyo, kinachopimwa zaidi ni uwezo wa kuona jinsi wazo moja linavyoshikamana na jingine ndani ya sentensi, na mtu aliyemeza maneno 2,000 bila kujifunza kuona uhusiano huo ataangushwa na sentensi ambayo kila neno lake analijua.

Takriban nusu ya maswali ni ya ufahamu, na yaliyobaki ni ya kujaza mapengo, ya namna mbili. Katika namna ya kwanza unapewa sentensi au aya fupi yenye pengo moja, mawili au matatu. Pengo likiwa moja, unachagua kati ya maneno matano, na yakiwa mawili au matatu, kila pengo lina maneno matatu ya kwake. Huwezi kupata alama kwa kupatia pengo moja na kukosea jingine. Katika namna ya pili pengo ni moja, maneno ni sita, na unatakiwa kuchagua mawili ambayo kila moja likiwekwa peke yake litaipa sentensi maana ile ile.

Tuchukue mfano niliouunda kwa ajili ya zoezi hili: "Although the minister was notoriously ____ in public, rarely answering a question in more than five words, his private letters ran to dozens of pages." Maneno sita ni "garrulous", "taciturn", "timid", "loquacious", "laconic" na "corrupt".

Funika majibu kwa kiganja. Soma sentensi mpaka nukta ya mwisho, kisha jaza pengo kwa Kiswahili. Nasisitiza Kiswahili, ingawa baadhi ya walimu watakuambia ufikiri kwa Kiingereza tu, kwa sababu ukijaza kwa Kiingereza akili hukimbilia neno ulilolikariri jana, lakini ukijaza kwa Kiswahili unalazimika kuitamka maana yenyewe. Sentensi inasema ingawa waziri alikuwa na sifa fulani hadharani, barua zake za faragha zilikuwa ndefu mno. Tena inatueleza wazi kwamba mara chache alijibu swali kwa zaidi ya maneno matano. Basi waziri alikuwa mtu wa maneno machache. Sasa ondoa kiganja. "Taciturn" na "laconic" yote mawili yanabeba maana hiyo, na kazi imekwisha.

Angalia mitego iliyowekwa. "Garrulous" na "loquacious" ni visawe, maana yake msemaji asiyekoma, na mtu aliyeambiwa kwamba swali hili ni la kutafuta visawe atayadaka mara moja bila kusoma sentensi. "Timid" linaweza kukaa ndani ya pengo bila shida kubwa, kwani mtu mwoga naye hujibu kwa ufupi, lakini halina mwenzake katika orodha, na neno lisilo na mwenzake halina faida hapa. "Corrupt" limewekwa kwa ajili yetu sote tuliozoea kusoma magazeti: tukiona "minister" likifuatana na "notoriously", mkono unakwenda wenyewe. Hakuna neno lolote katika sentensi linalozungumzia rushwa. Ulichokileta kutoka nyumbani kiache mlangoni.

Mapengo yakiwa mawili au matatu, hakuna sheria inayokutaka uanze na la kwanza. Anza na lile lenye ushahidi mwingi zaidi. Katika sentensi kama "The report's ____ tone belied the ____ of its authors, several of whom had resigned in fury", pengo la kwanza halikwambii lolote, bali la pili linafuatwa na waandishi waliojiuzulu kwa ghadhabu, kwa hiyo ni pengo la hasira; tuseme "indignation". Ukishalijaza, kitenzi "belied" kinakuongoza kurudi nyuma, kwa kuwa maana yake ni kutoa sura isiyolingana na ukweli uliofichika. Sauti ya ripoti ilikuwa tulivu huku waandishi wakichemka, na neno kama "measured" linaingia bila kusukumwa.

Mfano huo unaonyesha mahali ambapo juhudi yako inapaswa kwenda, nako ni kwenye viungo vya sentensi. "Although", "despite", "albeit" na "notwithstanding" hugeuza mwelekeo, na "therefore", "hence" na nukta pacha huuendeleza. Hayo watu wengi huyajua. Yanayotuumiza ni mafungu madogo ya maneno ambayo kila neno lake ni rahisi lakini jumla yake haifanani na vipande vyake. Chukua "For all his learning, the bishop misread the crowd." Anayetafsiri neno kwa neno atapata "kwa elimu yake yote" na kudhani anapewa sababu, na hapo jibu limeshapotea. Maana yake ni "pamoja na elimu yake yote", na bahati nzuri Kiswahili chetu kina mtego ule ule, kwa sababu "pamoja na" hapo haiongezi kitu bali inapinga, na mgeni anayejifunza Kiswahili huhangaika nayo kama sisi tunavyohangaika na yao.

Yapo mengine ya jamii hiyo, na kila moja lifanyie sentensi yako. Kitu kikiwa "anything but simple", si rahisi hata kidogo. Mhakiki akiwa "nothing if not thorough", ni mwangalifu kweli kweli, na ukanushaji wote ulio ndani ya maneno hayo ni sifa tupu. Desturi iliyo "all but forgotten" bado haijasahaulika kabisa, ila imekaribia sana. "The reform did not shorten the delays, if anything, it lengthened them" maana yake mageuzi hayakupunguza ucheleweshaji, tena yaliuongeza. Na ukisoma "She could hardly have been more generous", usimwonee huruma aliyepewa, kwa kuwa ukarimu wa mama huyo ulikuwa umefika ukingoni. Nilitenga kurasa nne za daftari langu kwa mafungu ya namna hii, na kurasa hizo zilinisaidia kuliko orodha yoyote ya maneno.

Kuhusu msamiati wenyewe, maneno 10 kwa siku yanayorudiwa ni bora kuliko 50 yanayosomwa mara moja. Andika neno pamoja na sentensi uliyolikuta ndani yake, kisha andika maana kwa Kiswahili, na usitosheke na neno la kwanza linalokujia. "Frugal" na "parsimonious" yote yanahusu mtu asiyetumia hovyo, na kamusi ndogo huweza kuyapa tafsiri moja, lakini la kwanza ni sifa ya mtu anayejua kubana matumizi na la pili ni lawama kwa bahili. Mtunga swali anajua kwamba wengi hukariri maana na kuacha ladha, na huko ndiko anakowinda. Karibu na kila neno weka alama ya kujumlisha kama ni la kusifu, ya kutoa kama ni la kukosoa, na duara kama halina upande. Siku utakayokuta neno ambalo maana yake imeyeyuka lakini alama yake bado unaikumbuka, utaweza kuondoa nusu ya majibu.

Ni vema pia kuyatilia shaka maneno unayoyajua. "Qualify" tunalihusisha na mtu kufuzu, ilhali katika mtihani huu mara nyingi ni kuiwekea kauli mipaka ili isichukuliwe kwa jumla. "Check" huwa ni kuzuia. "Arrest" huwa ni kusimamisha jambo lisiendelee, kama ugonjwa au mmomonyoko. "Sanction" linaweza kuwa kuidhinisha, kinyume kabisa na vikwazo tunavyovisikia kwenye taarifa ya habari. "Flag" ni kuchoka na kulegea, "temper" ni kupunguza makali, "wanting" ni pungufu, na kitabu kinachoitwa "pedestrian" hakiendi kwa miguu, kimekosa mvuto tu. Maneno haya ni hatari kuliko yale ya kutisha, kwa sababu mbele ya neno geni mtu husimama na kuwaza, bali mbele ya neno la kila siku hupita akiwa amejiamini.

Sasa ufahamu. Vifungu huchukuliwa kutoka sayansi ya maumbile, biolojia, sayansi ya jamii, sanaa, fasihi, historia na biashara, na vingi ni vya aya moja, ingawa kimoja au viwili huweza kuwa virefu. Maswali mengi hutaka jibu moja kati ya matano. Mengine hukupa majibu matatu na kukuambia uchague yote yaliyo sahihi, yawe moja, mawili au matatu, na hapo kila jibu lipime kana kwamba ni swali la peke yake. Machache hukutaka ubofye sentensi fulani ndani ya kifungu.

Jambo la kufanya unaposoma ni kujiuliza kila sentensi imekuja kufanya kazi gani, kabla ya kujiuliza inasema nini. Tuseme unapewa kifungu kinachosema kwamba wanahistoria wa zamani waliihesabu miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki kuwa kazi ya wageni waliohamia, kwamba uchimbaji wa kiakiolojia umeonyesha mwendelezo kati ya nyumba hizo za mawe na makazi ya awali ya udongo na miti, kisha kinamalizia, "This does not mean that foreign trade was unimportant, it means that trade enriched towns already in existence." Kwenye karatasi yako andika alama tatu tu: maoni ya zamani, ushahidi dhidi yake, mwandishi anajirekebisha asije akaeleweka vibaya. Ukishakuwa na ramani hiyo, swali lolote litakalokuja lina mahali pa kurudi.

Swali likiuliza mwandishi angekubali kauli ipi, mojawapo ya majibu litasema kwamba biashara ya nje haikuchangia lolote katika kukua kwa miji hiyo. Aliyesoma haraka atalichagua, kwa sababu kifungu chote kinaelekea kuwapinga wanaowapa wageni sifa, na ukanushaji maradufu wa "does not mean" na "unimportant" umempita. Jibu jingine litasema kwamba misikiti ya kale ya pwani ilijengwa kwa matumbawe. Hilo ni kweli, na mtu aliyewahi kutembea Kilwa au Gede anaweza kuapa, lakini kifungu hakikusema neno juu ya misikiti. Jibu sahihi litakuwa la upole: kwamba baadhi ya miji ilikuwepo kabla biashara haijaitajirisha. Huu ndio mtihani mgumu kwetu kila kifungu kinapogusa kitu tunachokijua, iwe malaria, kahawa au historia ya pwani, kwani tunajibu kutoka kichwani badala ya kujibu kutoka kwenye karatasi. Yaogope pia majibu yenye "always", "never", "only" na "entirely", kwa kuwa mwandishi wa kitaaluma ni nadra kujifunga kwa maneno makali hivyo.

Stamina ya kusoma haipatikani kwenye vitabu vya maandalizi. Soma kila siku dakika 40 maandishi marefu yenye hoja: makala za sayansi, mapitio ya vitabu, tahariri ndefu. Ninalo pia chaguo langu ambalo huwashangaza watu, nalo ni hukumu za mahakama. Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani ya Tanzania zimeandikwa kwa Kiingereza na zinapatikana bure katika tovuti ya TanzLII, na za Kenya zipo katika tovuti ya Kenya Law. Jaji hueleza hoja ya upande mmoja kana kwamba anaikubali, huileta ya upande wa pili, huikubali nusu, huiwekea mipaka, kisha hukata shauri, na "notwithstanding" na "albeit" humwagika kama mvua ya masika. Soma kurasa tatu, funga simu, na uandike kwa Kiswahili katika sentensi mbili nani alidai nini na jaji alimjibuje. Usipoweza, hukuielewa, hata kama uliyajua maneno yote.

Saa ni adui wa pili. Ukigawanya dakika kwa maswali utapata takriban sekunde 90 kwa kila swali, lakini wastani huo unadanganya. Maswali ya mapengo yanapaswa kumalizika kwa dakika moja au chini ya hapo, ili akiba yake iende kwenye vifungu. Swali lenye mapengo matatu likikukwamisha baada ya dakika moja na nusu, chagua jibu, liwekee alama, songa mbele. Nimependa kuanza na mapengo yote kisha kurudi kwenye ufahamu, na kipo kitufe cha kukuonyesha orodha ya maswali yote ya kipande. Wengine hufuata mpangilio ulivyo, na hakuna ubaya, mradi uamuzi uwe umefanyika kabla ya siku yenyewe.

Kwa mtu mwenye kazi au masomo mengine, miezi mitatu inatosha. Jaribio la kwanza la POWERPREP lifanye wiki ya kwanza kabisa, bila kujiandaa, ukae nalo lote kwa mkupuo mmoja, ili ujue unaanzia wapi. La pili lihifadhi kama fedha ya dharura mpaka wiki mbili kabla ya mtihani. Katikati hapo fanya maswali machache kwa siku, na muda mwingi uutumie kwa yale uliyokosea. Kila kosa liandikie sababu: sikujua neno, sikuona kiungo, nilijibu kutoka kichwani, nilikimbia. Baada ya mwezi utaona sababu moja imejirudia kuliko nyingine zote, na hiyo ndiyo ya kushughulikia. Kwangu ilikuwa kukimbia, wakati nilikuwa nimejiaminisha kwamba shida yangu ni msamiati.

Insha ina mada moja: unapewa kauli ya jumla kuhusu elimu, serikali, teknolojia au utamaduni, na unatakiwa kuchukua msimamo. Mada zote zinazoweza kutokea zimechapishwa na ETS, kwa hiyo hakuna sababu ya kushtukizwa. Chini ya kauli kuna maelekezo, nayo hubadilika. Mara utatakiwa kueleza ni wakati gani kauli ni kweli na wakati gani si kweli, mara utatakiwa kuzijibu hoja zinazoweza kuuvunja msimamo wako. Anayeyapuuza huandika insha nzuri ya swali jingine. Tumia dakika tano kupanga, 20 kuandika na tano za mwisho kusahihisha, maana kihariri utakachopewa hakina kisahihishi cha tahajia.

Usianze na methali iliyotafsiriwa. Msahihishaji, na programu ya kompyuta inayosahihisha pamoja naye, wanatafuta msimamo ulio wazi na mfano uliochambuliwa. Kama mada ni elimu ya bure, taja kwamba Kenya iliondoa karo za shule za msingi mwaka 2003, watoto wakafurika madarasani, na walimu waliokuwepo wakazidiwa. Mfano mmoja huo una hoja ya kuunga mkono na hoja ya kupinga, na hakuna mtahiniwa wa Ohio atakayekuwa nao. Katika dakika za kusahihisha, tafuta makosa ambayo lugha yetu hutuzalishia. Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo hayo hudondoka. "Yeye" ni mwanamume na ni mwanamke, kwa hiyo "he" na "she" hubadilishana viti ndani ya aya moja. Na Kiingereza cha Afrika Mashariki kina "discuss about" na "cope up with", ambazo sisi huziona sawa kabisa. Andika "discuss" na "cope with".

Unapojiandikisha, jina liandike kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi, kwani wengi wetu tuna majina matatu na vyeti vinavyoyapanga kila kimoja kivyake. Mtihani unaweza kufanyiwa kituoni au nyumbani. Wa nyumbani unakutaka uwe peke yako chumbani, bila spika za masikioni, na badala ya karatasi ya kawaida unatumia ubao mdogo mweupe au karatasi iliyo ndani ya mfuko wa plastiki angavu. Umeme wa mtaa wetu ulikatika mara mbili nikiwa kwenye majaribio, na bando likaisha mara moja katikati ya insha, nikaamua kwenda kituoni. Anayeishi penye umeme na intaneti ya uhakika anaweza kuamua vingine.

Mwisho wa mtihani, skrini hukuonyesha papo hapo alama zisizo rasmi za Verbal Reasoning na za hesabu, na matokeo rasmi pamoja na insha hutoka baada ya siku 8 hadi 10. Siku ya mtihani unaweza kuzituma alama kwa vyuo vinne bila malipo ya ziada, kwa hiyo nenda ukiwa na majina ya vyuo hivyo kichwani. Alama zikiwa chini ya ulichotarajia, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, na hadi mara tano ndani ya miezi 12, na unachagua mwenyewe matokeo ya siku ipi chuo kiyaone. Lakini kabla ya kulipa tena, fungua daftari la makosa na uangalie ile sababu iliyokuwa ikijirudia. Kama bado ipo pale pale, siku 21 hazitoshi, na ni afadhali usogeze tarehe mbele kwa miezi miwili.